Bukavu: Maharagi ni bei ndogo sokoni, lakini makala ndiyo inakula feza

Kwa mama anayetoka soko ya Kadutu na kopo mbili za maharagi ndani ya kikapu, hesabu ya chakula haijaisha. Bado moto. Maharagi hukaa juu ya babula saa mbili, saa tatu, mara ingine zaidi, na makala inayoungua muda huo wote ni feza pia. Ndiyo sababu katika nyumba mingi za Cimpunda, Panzi, Nyamugo ao Bagira, siku franga inapungua, chakula cha kwanza kuondolewa si nyama, maana nyama iliondoka zamani. Ni maharagi. Watu wanapika bugali na lengalenga, kitu cha kuiva mbio, na maharagi yanangojea siku makala itakapopatikana.

Watoto ndio wanaolipa. Kwa familia isiyopata nyama, samaki ao maziwa kila siku, maharagi ndiyo chakula cha kujenga mwili kilicho karibu zaidi: katika kilo moja ya maharagi makavu, zaidi ya gramu 200 ni protini. Hapa Kivu watu wanajua vizuri ugonjwa wa bwaki, ule wa mtoto kuvimba miguu na uso, nywele zikageuka rangi. Bwaki ina sababu mingi, lakini bugali ya mihogo isiyokuwa na kitu cha maana pembeni ni mojawapo, kwani unga ya mihogo ina protini kidogo sana.

Sasa, bei ya maharagi mama haiwezi. Bei ya makala pia haiwezi. Kitu anachoweza ni kupunguza muda wa moto, na hapo kuna nafasi kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Juu ya nini yanakawia kuiva huku kwetu

Sababu ya kwanza ni mahali tunapokaa. Ziwa Kivu liko metre 1460 juu ya bahari, na kartie zetu mingi zimepanda milima juu ya ziwa. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inapunguza uzito wake juu ya maji, na maji yanachemka mbele ya kufikia digri 100. Bukavu yanachemka kwa digri karibu 95. Uvira, kule chini kando ya Tanganyika, ni karibu 97. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mbegu ngumu kama haragi inaisikia, na mtu aliyezoea kupika Uvira akifika Bukavu anaweza kusema maharagi ya huku ni mabaya. Si mabaya. Ni maji ambayo hayafiki moto uleule.

Kutoka hapo kuna jambo moja la kushika vizuri, maana ndilo linalopoteza makala mingi zaidi. Maji yakishachemka, joto lake halipandi tena. Hata mtu ajaze babula mpaka juu na kupepea na kipande cha karto, ndani ya sufuria ni digri zilezile 95. Makala ya ziada inageuza maji kuwa mvuke tu, kiisha mama anaongeza maji ya baridi, na kazi inaanza upya. Maharagi hayahitaji moto mukali. Yanahitaji joto lisilokatika. Sufuria inayochemka polepole chini ya kifuniko inaivisha kwa muda uleule sawa na ile inayorukaruka.

Sababu ya pili ni umri wa maharagi. Haragi lililokaa miezi mingi kwenye depo yenye joto na unyevu linakuwa gumu kwa ndani, na moto haulirudishi tena. Watu wanasema maharagi yamekuwa mawe, na ni kweli hivyo. Mavuno ya huku yanaingia soko mara mbili kwa mwaka, karibu na mwezi wa kwanza na karibu na mwezi wa sita. Wakati huo ndio wa kununua, hata kwa kuongeza franga kidogo. Haragi jipya linang'aa, rangi yake iko wazi. La zamani limefifia, ngozi imekuwa ya giza, mara ingine na vumbi ya wadudu chini ya gunia. Kuomba kuonja, ni kusema kuuma moja kwa meno, si aibu. Linaloacha alama ya jino bado ni zuri.

Ya tatu, mchanganyiko. Kivu tunapenda kulima na kuuza maharagi ya rangi mingi pamoja, na kwa shamba ni akili: mvua ikiharibu aina moja, ingine inabaki. Lakini ndani ya sufuria, ya njano yanaiva mbele na mekundu makubwa yanachelewa, na moto wote unafuata yale ya mwisho. Anayeweza kupata ya njano peke yake atapunguza muda bila kufanya kitu kingine. Mara mingi bei yake iko juu kidogo, hapo ni lazima kupiga hesabu: franga zinazoongezwa sokoni zinarudi ao hazirudi kwa makala?

Usiku mzima ndani ya maji

Kuloweka maharagi ni jambo la bure kabisa, na bado mingi ya nyumba hazifanyi. Sababu si ujinga. Maji ya bomba hayatoki kila siku, na kupika kwa leo kunaamuliwa leo, franga ikishapatikana. Lakini anayepata maharagi mangaribi anaweza kuyaosha, kuondoa mawe, na kuyaacha ndani ya maji mara tatu ya kipimo chake mpaka asubui. Saa nane mpaka saa kumi na mbili zinatosha. Kijiko kidogo cha chumvi ndani ya maji hayo kinasaidia ngozi kulainika, ijapokuwa watu wengi wameambiwa chumvi inakaza maharagi. Kinachokaza ni tomati na ndimu. Ile asidi yake inazuia haragi kulainika, kwa hiyo tomati ziingie mwisho, wakati maharagi yameshaiva, hata kama mtu amezoea kutupa vyote ndani ya sufuria mara moja.

Asubui maji yale yanamwagwa, na pamoja nayo inaondoka sehemu ya kile kinachojaza tumbo hewa. Yule asiyekuwa na maji mingi anaweza kuyatumia kuosha sakafu ao kumwagilia sombe nyuma ya nyumba. Maharagi yaliyolala ndani ya maji yanaweza kupunguza robo ya muda wa moto, mara ingine nusu, kufuatana na aina na umri.

Kuna wanaotia maji ya majivu ao bikarbonati kusudi yaive mbio. Inafanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini inaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, basi kama ni lazima, iwe kidogo sana kwenye ncha ya kijiko.

Babula yenyewe

Babula ya bati peke yake inapasha joto sufuria, na pia inapasha joto ukuta, hewa na miguu ya anayepika. Ile yenye udongo ndani inashika joto na kulirudisha kwa sufuria. Kenya walitengeneza babula ya namna hiyo, bati kwa inje na udongo wa kuchomwa kwa ndani, tangu miaka ya 1980, kiisha ikasambaa katika inchi mingi za Afrika. Hapa kwetu pia mafundi wanaziuza. Ikifanywa vizuri inaweza kuokoa theluthi ya makala ukilinganisha na bati tupu.

Asiyeweza kununua anaweza kupaka babula yake ya zamani. Udongo wa mfinyanzi, ao ule wa kichuguu, unachanganywa na majivu na majani kavu yaliyokatwa madogo, unakandwa kama unga ya mikate, na kupakwa unene wa vidole viwili kuzunguka ndani, bila kuziba matundu ya hewa ya chini. Uachwe kwenye kivuli wiki nzima, si kwa jua, maana jua inaupasua. Moto wa kwanza uwe mudogo. Nyufa ndogo zitakuja tu, zinapakwa tena. Unene huo unapunguza nafasi ya makala, na hapo ndipo faida ingine iko: babula kubwa inaalika mtu kuijaza, hata kwa sufuria ndogo ya chai.

Mengine ni madogo lakini yanaongezeka. Kifuniko kikae juu, na jiwe juu yake kama kimepindika. Babula iwekwe nyuma ya ukuta, si mahali upepo wa ziwa unapita. Na chakula kikishaiva, makala yenye ingali nyekundu iokotwe kwa koleo na kufungwa ndani ya kopo ya chuma yenye kifuniko. Bila hewa inazimika kwa dakika chache, na kesho inawaka tena mbio. Wanaomwaga maji juu yake wanapata makala yenye kulia moshi siku mbili.

Kikapu kinachomalizia kazi

Kama maharagi yanahitaji joto lisilokatika na si moto mukali, basi kuna njia ya kuyapa joto bila moto hata kidogo: kulifungia lile lililo tayari ndani ya sufuria. Ndiyo kazi ya kikapu cha kupikia. Wazee wa Ulaya walifanya hivyo kwa sanduku la majani makavu, na huku kwetu vitu vyote vya kukitengeneza viko, mingi bila kulipa.

Inahitajika kitunga ao karto nguvu iliyo kubwa kuliko sufuria kwa upana wa kiganja kila upande, na chini vilevile. Nafasi hiyo inajazwa na kitu kikavu chenye kushika hewa: majani kavu ya migomba, vumbi ya mbao kutoka kwa seremala iliyofungwa ndani ya mifuko, nguo kuukuu, vipande vya musi ya godoro. Katikati inabaki shimo lenye kipimo cha sufuria kamili. Juu inahitajika mto mnene ulioshonwa kwa kitambaa na kujazwa vitu vilevile. Mto ndio watu wanasahau, na joto linapanda juu, si pembeni. Kikapu bila mto ni bure.

Kazi inaenda hivi. Maharagi yaliyolala ndani ya maji yanachemka kwenye babula, kifuniko juu, dakika 30 mpaka 40 tangu yameanza kuchemka kabisa. Maji yafunike maharagi vizuri na sufuria ikaribie kujaa. Kiisha, bila kufungua hata kuonja, sufuria inatoka kwa moto, inapanguswa chini kusudi kusibaki kaa la moto hata moja, maana ndani ya kikapu kuna majani makavu, na inaingia. Mto juu, na kanga ao blanketi kufunga yote. Inakaa saa tatu mpaka nne. Mama anaweza kwenda soko, shamba ao kanisa. Hakuna mtoto wa kuchunga moto, na kwa nyumba yenye watoto wadogo peke yao, hiyo si faida ndogo.

Kikapu kikifunguliwa, maharagi yamelainika ao yamebakisha kidogo. Yanarudi kwa babula, yanachemka tena dakika 10 mpaka 15 pamoja na mawese, kitunguu, na sasa tomati. Kwa jumla makala imewaka muda wa saa moja hivi, badala ya mbili ao tatu. Kwa mchele ni rahisi zaidi: dakika tano za kuchemka, kiisha saa moja ndani ya kikapu, na hauungui hata chini. Umeme ukirudi usiku, wenye resho wanaweza kufanya ile sehemu ya kwanza hata kama wanajua SNEL itakata mbele ya maharagi kuiva. Kikapu kitafanya kile kilichobaki. Bugali peke yake haina dawa. Bugali ni mikono na moto.

Wengi wanaojaribu mara moja na kuacha wanaanguka kwa mambo yaleyale. Sufuria ilikuwa nusu. Chakula kidogo kinapoa mbio. Mtu alifungua kuangalia kama yanaiva. Majani yalikuwa na unyevu. Ao maharagi yalikuwa ya zamani, na hapo kikapu hakina kosa.

Makala ya kifuko na vumbi iliyo chini ya gunia

Familia maskini ndiyo inayolipa makala bei ya juu kuliko wote, kwa sababu inainunua kwa kifuko kila siku. Tuseme gunia moja inatoa vifuko 50, na bei yake inalingana na vifuko 35. Anayenunua kifuko kila siku amelipa vifuko 15 juu yake, kwa makala ileile kutoka mti uleule. Kila mtu afanye hesabu hiyo kwa bei ya kartie yake. Nyumba tano zilizo na likelemba zinaweza kutumia zamu moja kwa gunia na kugawana kwa ndoo, mbele ya macho ya wote. Gunia ijaribiwe kwa kuinuliwa: makala iliyolowa maji ni nzito na haina moto. Makala nzuri ikigongana inalia kama chuma.

Mti nao unahesabika. Kwa tanuru ya udongo inayotumiwa vijijini, kilo 100 za kuni zinatoa kilo 10 mpaka 20 za makala, ile ingine yote imeenda na moshi. Wakati miti ya kupandwa haitoshi, mashoka yanafika ndani ya pori ya Kahuzi-Biega, iliyo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1980.

Vumbi inayobaki chini ya gunia kwa kawaida inatupwa kwenye mufereji. Ni makala sawa na ile ingine. Inapepetwa, inachanganywa na uji mzito wa unga ya mihogo, kipimo kimoja cha unga kavu kwa vipimo kumi ao kumi na mbili vya vumbi, inafinyangwa kwa mikono kama mandazi na kuanikwa siku tatu ao ine mpaka kati kukauke. Yale mabonge yanawaka polepole na yanachelewa kushika, kwa hiyo yanawekwa juu ya makala chache zilizokwisha kuwaka. Ni mazuri kwa maharagi. Kwa bugali yatamkasirisha mpishi.

Mahali ambapo moto haupunguzwi

Sombe ni ya kwanza. Majani ya mihogo yana sumu ndani yake, na kutwanga ndiko kunakoifungua kusudi iondoke. Inapoanza kuchemka, sufuria ikae wazi angalau robo ya saa, mvuke utoke. Hapo ndipo kifuniko hakitakiwi. Baadaye inafunikwa na inaweza kwenda hata kwenye kikapu. Kutwanga nusunusu kwa kuokoa nguvu ni kuacha sumu ndani ya sahani.

Mihogo michungu vilevile. Siku tatu ao ine ndani ya maji hazikatwi kuwa moja kwa sababu wanunuzi wanangoja. Kule Kahemba, katika Kwango, na sehemu zingine za Congo, familia zilizokula mihogo isiyolowekwa vya kutosha, bila chakula kingine cha protini, zilipata ugonjwa wa konzo: miguu inakaza gafula na mtu hatembei tena kama zamani. Hauna dawa ya kuurudisha nyuma.

Kwa maharagi mekundu, zile dakika 30 za kuchemka mbele ya kikapu si za kubembeleza. Haragi jekundu bichi lina kitu kinacholeta kutapika na kuhara, na kinaharibiwa na kuchemka kwa nguvu, si na uvuguvugu. Chakula kisilale ndani ya kikapu usiku kucha pia. Kikishapoa kufikia joto la mwili, vidudu vinazaana. Kilichobaki mangaribi kichemshwe tena mbele ya kulala, na asubui mbele ya kuliwa, na kimalizike siku hiyo.

Na babula haiingii chumba cha kulala. Usiku wa mwezi wa saba, baridi ya Bukavu inasukuma watu kuingiza makala ya mwisho ndani na kufunga mlango. Makala isiyotoa moshi ingali inatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu na haiamshi mtu aliyelala. Ile makala ya mwisho mahali pake ni ndani ya kopo yenye kifuniko, inje, kwa ajili ya chai ya asubui.